Vifurushi vya Tomi

Mbwa akijisaidia barabarani na kinyesi kisipozolewa, mashine ya manispaa hukitambua ni cha mbwa gani, kisha hukirudisha mlangoni kwa mwenye mbwa, ndani ya kifurushi cheupe. Majirani wakikiona, ni aibu tupu.

Aikande alivisubiri kwa hamu. Mbwa wake, Tomi, aliibwa wakati wa masika, lakini vifurushi viliendelea kuja.

"Leo ni kigumu. Wamempa mifupa," alimwambia mumewe, akikibonyezabonyeza.

"Mama Nuru, hebu tupa hicho kitu!"

"Nikitupa, nitajuaje kama yu hai?"

Wiki hii hakijaletwa hata kimoja. Aikande anafagia kizingiti kitupu, akijiuliza: Tomi amekufa, au amepata mtu anayeinama kumzolea?