Kipande cha Boksi

Kabla ya mechi, refa alipita akigonga ugoko wa kila mchezaji kwa kidole. Alipofika kwa nahodha wa wageni, badala ya kugota kwenye plastiki, kidole kilizama: ndani ya soksi mlikuwa na kipande cha boksi.

"Vikinga vyangu vimepasuka, mkubwa," nahodha alinong'ona. "Nisitiri."

Sheria haina utani: asiye na vikinga hachezi. Lakini vyuma vilivyounga mfupa wa mguu wake vilimwasha refa. Miaka sita nyuma, nahodha huyuhuyu alimvunja mguu uwanjani, akacheka. Leo hata hamkumbuki.

Upande wa pili, beki waliyemwita Shoka alikuwa akikaza kamba za njumu.

"Pandisha soksi," refa alisema kwa upole. "Kisionekane."

Akatia kipenga mdomoni.