Iache Ilie

Spana ilikuwa imeshang'ata nati ya kwanza ya difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, pale mama mwenye gari aliponishika mkono. Mkono wenyewe mweusi tii kwa vumbi la ngoma za breki, naye hakujali.

“Kwa breki, asante fundi. Hiyo usiiguse.”

“Mama, gia za ndani zimelika! Husikii inavyolia?”

“Naisikia. Marehemu mume wangu alikuwa akikata tu kona ya kwetu, inalia, nami natoka kumfungulia geti.”

“Na sasa?”

“Sasa anaendesha mwanangu. Najua ni yeye. Lakini ikilia tu, najikuta nimeshafika getini, sina hata viatu.”

Niliigusa nati; ilikuwa imeshalegea kidogo.

“Haitadumu, mama.”

“Hata kidogo?”

“Kidogo, sawa.”

“Basi niachie hicho kidogo.”

Nikaikaza nati, nikaenda kuchukua oili. Ile nzito, ambayo huinyamazisha difu iliyochoka, nilikuwa nimeshaifungua. Nikaifunga tena, nikairudisha kabatini, nikamimina ya kawaida.