Mashine Isiyopotea Njia

"Docteur wa kwanza alitoboa mufupa wapi?" aliuliza Komanda Roger, akiwa chali juu ya meza ya upasuaji mjini Butembo. Sindano ya mgongo ilikuwa imeua miguu yake na kumwachia mdomo.

"Mbele sana, Komanda," alijibu Daktari Nzanzu. "Njo maana mushipa ya goti ilikatika tena."

"Alipima na macho?"

"Na macho."

"Donc leo hapana macho. Mashini itaongoza."

Mashine yenyewe, kompyuta yenye kamera ya kumwonyesha daktari mahali pa kutoboa, ililetwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini. Habari za mashine hiyo zilienea hadi kambini kwa Komanda. Bertrand, mlinzi wa Komanda, alisimama kando ya meza na bunduki na amri moja: daktari akiibishia mashine, apigwe risasi.

"Bertrand, unaziba kamera," alisema muuguzi Rébecca. "Goti haionekani."

Bertrand alisogea haraka, akaiomba kamera radhi.

Rébecca aliinamia kioo cha mashine, kilichowaelekea yeye na daktari tu. "Nyuma kidogo, docteur. Tena. Milimita mbili. Hapo."

Nzanzu alitoboa. Jasho lilimdondoka puani.

"Inasema nini?" aliuliza Komanda.

"Inasema uko na mufupa ya nguvu."

"Mashini ya akili sana!"

Mwaka uliofuata Komanda alicheza mpira na askari wake, goti likakaa imara. Alifunga hata bao. Kipa alijua wajibu wake. Nzanzu akaanza tena kupata usingizi.

Ndipo pikapu ya jeshi ilipoingia hospitalini, Komanda mwenyewe mbele. Kikosi kilikuwa kinakwenda kushambulia upande wa Kamango, na kila aliyewaongoza kabla alikuwa amewapoteza msituni.

"Kitu haikupotea ndani ya mufupa, itapotea mu pori?" alisema. "Muipakie. Na Mama Rébecca apande, yeye njo anajua kuisoma."

Nzanzu aliitazama bunduki ya Bertrand, akaenda kuichomoa mashine mwenyewe.

Waliiunganisha mashine na betri ya gari. Baada ya Beni walifika njia panda, dereva akasimama, askari wote wakavua kofia kwa heshima.

Rébecca aliinamia kioo kile, ambacho hakikuwahi kuwaka tangu siku kilipotolewa kwenye sanduku.

"Kushoto kidogo, Komanda," alisema. "Polepole."