Maoni ya Mpangaji Wetu

Enyi wakazi wa jiji, tegeni masikio, mgeni mwenye hekima anena kuhusu soko! Hivyo ndivyo nilivyofungua kila simu niliyopiga redioni likizo nzima kumpinga meya aliyetaka kubomoa soko letu, kwa lafudhi ya mpangaji wetu, fundi kinanda kutoka ng'ambo. Mwenyewe hakuwa na habari.

Sasa ofisa wa uhamiaji alikuwa sebuleni kwetu, akitusikilizisha rekodi kwenye simu yake.

"Meya abomoe kwanza nyumba yake, tuone kama atalala sokoni," sauti ilisema.

"Mgeni kuchochea watu ni kosa," alisema ofisa. "Ni wewe?"

Fundi alikuwa akisugua kona ya pasipoti kwa kidole gumba. Alinitazama. Nikazikodolea macho soksi zangu.

"Ni mimi," alisema. "Na soko lisibomolewe."

"Basi funga mizigo, mzee. Kesho unarudi kwenu."

Mama akajishika mdomo. Fundi akaiweka pasipoti mezani, taratibu, na ofisa akanyoosha mkono kuichukua.

"Si yeye, afande! Ni mimi!" nilipiga kelele, na kwa woga nikayasema kwa lafudhi ileile.