Viatu Mlangoni

Baba alikuwa ameshavua kiatu kimoja kabla sijamshika mkono.

"Baba, hapa hawavui," nilimnong'oneza.

"Nyumbani kwa watu huingii na viatu," alisema, akavua na cha pili. Alivipiga rangi asubuhi mpaka vikang'aa kuliko kitu chochote ndani ya jumba lile. Akavipanga ukutani kama afanyavyo kwetu Barnsley, mji wa wachimba makaa ya mawe, akabaki na soksi ambazo Mama alizitia viraka vya uzi mwekundu.

Bi Lavinia, mama wa mchumba wangu, alisimama ukumbini na mabuti ya mpira yaliyojaa tope, sweta lake limetoboka kiwikoni. Mababu zake walitutazama kutoka kwenye picha za ukutani. Yeye alitazama zile soksi.

Watu wa tabaka lake huingia na tope lao na hakuna wa kuwauliza. Sisi ndio tunaovua.

Niliinama, nikavua viatu vyangu vipya, nikaviweka kando ya vya Baba. Sakafu ya mawe ilikuwa barafu tupu.

"Mtaganda hapo," alisema Bi Lavinia.

"Ungeingia kwetu na tope hilo, mama, mke wangu angekurudisha uani," alisema Baba.

Bi Lavinia akamshika Baba bega, akainua mguu.

"Basi nivutie buti. Hili la kushoto huwa linagoma."

Baba alivuta. Buti likatoka, na kidole gumba cha Bi Lavinia kikachungulia kwenye tundu la soksi.

"Hiyo nipe," alisema Baba. "Mke wangu ataishona."