Aliyekaa Mwisho wa Bomba

Walisema ni sponji iliyomtoa jicho yule kijana wa kebo.

Mama alizisikia habari hizo kwenye foleni ya maji, akacheka kwanza. Sponji? Hii hii ya kuoshea vyombo? Lakini alipofika nyumbani akaishika ya kwake pale kwenye karo, akaiminya, na kicheko kikamkauka. Binti yake alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ni kupitisha kebo za intaneti kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara. Hazivutwi kwa kamba, zinasukumwa kwa upepo wa kompresa. Kabla ya kebo hutangulizwa sponji ngumu ya kusafisha njia. Inaingilia mtaa huu, inatokea mtaa ule, mbio kama risasi, imebeba mbele yake maji na kokoto zote ilizokutana nazo.

Kompresa aliishika mjomba, kaka wa mama mwenyewe. Binti alikaa upande wa pili, shimoni, mwisho wa bomba. Kazi yake kufunga mfuko wa kuipokea hiyo sponji.

Jumapili mama akawaweka kitako wote wawili.

"Kaka, sina mtoto mwingine. Ukimtoa huyu jicho, sina na kaka pia."

"Dada nawe, ushaanza!" Mjomba akachovya mkate kwenye chai. "Hewa siifungui mpaka mwenyewe aniambie."

"Akuambieje, na wewe uko mtaa wa pili na lidude linanguruma?"

"Nambipu, mama," binti akadakia. "Nikishafunga mfuko na kutoka shimoni, nambipu mara moja. Bila hivyo hafungui, hata aje meneja."

"Na utaisikia hiyo simu, kaka?"

"Nitaisikia wapi, masikio nimeyaziba? Iko hapa." Akajipiga kwenye mfuko wa shati. "Ikitetemeka tu, nafungua. Hata kuitoa siitoi, mikono yote grisi."

"Na hana wa kumtafuta zaidi yangu," binti akasema. "Tangu yule mama wa vitenge amteme, simu yake ni ya kutazamia saa."

"Mtie adabu mwanao, dada!"

Wakacheka, hata mama. Lakini hakumwachia.

"Niapie."

"Haki ya Mungu. Bila bipu, sigusi kitu."

Tangu siku hiyo mama akapata usingizi.

Alhamisi asubuhi, yuko kwenye beseni la nguo, jirani akapitisha kichwa juu ya ukuta.

"Shoga, yule wa sponji! Kumbe siyo jicho moja. Yote mawili! Ametoka hospitali jana, anaongozwa mkono kama mtoto."

"Na miwani ya kazi hakuvaa?"

"Miwani nayo ilikuwepo. Nimeambiwa na shemeji yake."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kutafuta simu. Salio lilikuwa la kubipu tu. Akambipu binti. Kawaida yake humpigia mara moja. Safari hii kimya.

Simu ya binti ililia juu ya koti lake, ukingoni mwa shimo. Yeye alikuwa chini, amepiga magoti. Tope lilikuwa limeziba mdomo wa bomba na mfuko ulikuwa haushiki. Miwani ilikuwa imejaa ukungu, akaipandisha kwenye paji la uso. Akaingiza vidole, akakwangua, akainama kuchungulia, akakwangua tena. Hakuwa na haraka. Aliyeshika hewa ni mjomba wake, na mjomba alikuwa ameapa.

Mama akambipu tena. Kimya. Akaketi kitandani, akasimama, akaketi. Akawaza, hata kama mtoto hashiki simu, kaka yake akiona jina lake atapiga, atamwambia yuko salama.

Akalitafuta jina la kaka. Ikaita mara moja, akakata haraka salio lisiliwe. Angalau yake ilikuwa inapatikana. Moyo ukamtulia kidogo, akarudi kwenye nguo zake.

Basi, wenye watoto kwenye kazi hii, waepusheni na haya:

Kuchungulia bomba, hata kama kompresa iko mtaa mwingine.

Kupandisha miwani kwa sababu ya ukungu.

Kuondoa mfuko wa kupokelea bila kumwambia mwenye hewa.

Kuamini mtetemo wa mfukoni, bila kuona jina wala kusikia sauti.

Na simu zetu sisi mama zao, saa za kazi.