Chuma Kikilia

Obadiah aliachilia machela ghafla akatimua mbio kuelekea stesheni. Mgonjwa akaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Alikuwa amekatwa mguu juzi tu, na kabla ya magharibi alikuwa amekufa.

Stesheni hapakuwa na gari la moshi. Reli ya kwenda Maktau, kwenye mapigano, ilikuwa tupu mpaka macho yalipokoma. Obadiah alisimama pale peke yake, akaogopa.

Usimlaumu haraka. Hospitali ile ya vita, mwaka ule wa 1916, ilikuwa mahema na mabanda kando ya reli pale Voi. Nje palining'inizwa kipande cha chuma cha reli. Gari la majeruhi likikaribia, nyapara Mwinyihaji alikigonga kwa nyundo, na wabeba machela wote walikimbia, hata kama tonge liko mdomoni. Miezi saba ya mlio ule, na mayowe ya watu baada yake. Jamani, kichwa cha mtu si jiwe. Sasa chuma kilikuwa kikilia kichwani mwa Obadiah hata Mwinyihaji akiwa msikitini.

Watatu walioanza hivyo walipandishwa gari kwenda Nairobi, kwenye nyumba ya wendawazimu. Hakuna aliyemwona hata mmoja akirudi. Obadiah alikuwa amebakiza siku tisa amalize mkataba wake, arudi Mghange, kule milimani, kwa mkewe Wakio. Kulikuwa na mtoto huko ambaye hajawahi kumshika.

Aliyekuwa amemwokoa mpaka hapo ni Silvanus, mfagiaji, mtu wa milimani kama yeye. Hospitali nzima Silvanus ndiye pekee aliyekuwa na utulivu. Watu wakikatwa miguu wakipiga mayowe, yeye anapiga deki. Akilala, analala fofofo. Mwinyihaji humwita mara tatu, kisha husema sikio la kufa halisikii dawa, watu wakacheka.

Obadiah alimweleza shida yake, ikabidi aieleze mara mbili, Silvanus akimkazia macho mdomoni. Wakapatana hivi: Obadiah akisikia chuma, amtazame Silvanus. Kama kimelia kweli, Silvanus atainamisha kichwa. Kama hakikulia, ataendelea na kazi yake. Mwezi mzima Silvanus hakukosea hata mara moja. Siku ya yule mgonjwa, bahati mbaya, hakuwa karibu.

Daktari, Mzungu aliyechoka kuliko wagonjwa wake, aliamua kumpima Obadiah. Asubuhi kwenye foleni ya wabeba machela, Obadiah akiwa tayari chumbani kwa daktari, Mwinyihaji alitangaza kwamba leo chuma kikilia kabla ya saa sita, mtu asiinuke, ni kipimo tu. Silvanus alikuwa kule nyuma na ndoo yake.

Obadiah aliomba jambo moja: mfagiaji aachwe aendelee na kazi chumbani mle, maana akimwona moyo wake hutulia. Daktari akakubali, akafungua daftari.

"Sema kweli tu," akamwambia. "Unasikia chuma?"

Alikisikia. Kilikuwa kikilia mpaka meno yanamuuma. Akamtazama Silvanus. Silvanus alitupa jicho nje ya mlango, wabeba machela walikokuwa wamekaa kivulini, kisha akaendelea kukamua tambara.

"Sisikii kitu, Bwana."

Daktari akaandika. Baada ya muda akauliza tena, halafu mara ya tatu. Kila mara chuma kilivuma, kila mara Silvanus alichungulia nje na kurudia deki yake. Obadiah alijibu vilevile, na mara ya tatu alijibu kwa furaha kabisa. Moyoni alikuwa ameshaanza kupanda mlima kwenda Mghange, na Wakio amesimama mlangoni na mtoto.

Daktari aliweka kalamu chini, akamwita nyapara. Mwinyihaji aliingia na nyundo mkononi, jasho likimtiririka.

"Umepiga mara ngapi?"

"Mara tatu, Bwana, kama ulivyoniamuru. Hata sokoni wamesikia."

Daktari alimtazama Obadiah kwa huruma, huruma ya kweli, kisha akaagiza atafutiwe nafasi kwenye gari la Nairobi la mchana ule. Askari wawili wakaingia. Obadiah alimgeukia Silvanus tu.

Silvanus, kuona mwenzake anashikwa mikono, alitupa tambara chini. Akaingiza vidole masikioni, akachomoa vipande viwili vya pamba iliyokandwa kwa nta.

"Kwani kimelia?" akauliza. "Mbona sikuona mtu akikimbia?"